Anayeniongoza Kwenye Pikipiki Ananitia Hofu, Nami Naona Haya Kumwacha

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 34, na huu ni mwezi wa nne tangu nianze kuendesha pikipiki. Nilipitia mafunzo ya awali, nikafanya mtihani na kupewa leseni, lakini kila aliyepita njia hiyo anafahamu kwamba leseni humfikisha mtu kwenye lango la uwanja wa mazoezi, ikamwacha hapo aikabili barabara peke yake. Nilikuwa bado nababaika hivyo pale kaka mmoja tunayefanya naye kazi, ambaye ameendesha kwa zaidi ya miaka 20, alipojitolea kunishika mkono.

Sitaki umfikirie vibaya. Ni yeye aliyenikataza kununua kofia ngumu iliyokwisha kutumiwa na mtu nisiyemjua, akanieleza kwamba kofia iliyowahi kupigwa chini huenda imeharibika kwa ndani ilhali kwa nje inang'aa. Ni yeye aliyenionyesha jinsi ya kupima ulegevu wa mnyororo kwa kidole, na mara mbili amenitengenezea pikipiki bila kunidai chochote. Shida huanza tunapotoka barabarani. Yeye hutangulia, na baada ya dakika chache huwa simwoni tena. Nami, kwa kuogopa kupotea na kwa kuogopa zaidi kuonekana mzito, humfukuzia, nikajikuta nafika kwenye kona kwa mwendo ambao sikuuchagua mimi. Wiki tatu zilizopita niliingia kwenye kona ya namna hiyo, macho yakaganda kwenye nguzo za ukingo, pikipiki nayo ikaelekea huko huko nilikokodoa macho, na tairi la mbele lilikuwa limekwisha kukanyaga changarawe za pembeni ndipo kona ilipoisha. Nilimkuta mbele akinisubiri. Nilipomsimulia alicheka, akanipongeza kwamba sasa nimeanza kukomaa.

Jambo la pili ni breki. Shuleni tulifundishwa kutumia breki zote mbili, lakini yeye ameniambia tena na tena kwamba breki ya mbele nisiiguse, kwani itanipindua kichwangomba. Matokeo yake ni kwamba siku hizi ninapotaka kusimama ghafla, vidole vyangu vya mkono wa kulia huenda mpaka kwenye breki vikasita hapo, visijue vimtii nani. Juu ya hayo, ananihimiza niuze pikipiki yangu ndogo nichukue kubwa ili niweze kufuatana naye na wenzake katika safari zao za pamoja.

Naona haya kumwambia basi. Amenizidi umri, amenifadhili, na sipendi aje aseme kwamba fadhila ya punda ni mateke. Wakati huohuo mdogo wangu wa miaka 22 ameanza kuniomba nimfundishe, nami najiuliza nitamfundisha nini ilhali mwenyewe sijui nimsikilize nani. Je, mtu humtambuaje mlezi mwema wa barabarani, na humwachaje yule ambaye si mwema kwake bila kumvunjia heshima?

Mimi,
Mwenye Vidole Vinavyosita

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na vidole vyako, kwa sababu mengine yote uliyoyauliza yanaweza kungoja hadi wiki ijayo, lakini hilo la vidole huenda ukalihitaji kesho asubuhi. Shule yako ilisema kweli. Pikipiki inaposhika breki, uzito wake pamoja na wako hukimbilia mbele, tairi la mbele likagandamizwa chini na kuzidi kuing'ang'ania barabara, huku tairi la nyuma likiwa jepesi na tayari kuserereka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama kwenye lami kavu hutoka mbele, na anayetegemea breki ya nyuma peke yake huhitaji umbali mrefu zaidi ili asimame, tena mara nyingi akiwa ameburuta tairi kwa ubavu. Kinachoangusha watu ni kuikwapua breki ya mbele kwa pupa kabla uzito haujafika huko, au kuikaza wakati pikipiki imelala kwenye kona au ikiwa juu ya mchanga. Ikamue kama unavyokamua kitambaa kilichoroa, yaani uanze kidogo na uongeze kadiri unavyohisi pua ya pikipiki ikiinama, wala usiongeze kwa kushtua.

Sasa, kwa nini mtu mwenye miaka 20 barabarani akwambie kinyume cha hayo? Sidhani kwamba anakudanganya. Nionavyo mimi, wengi wanaosema maneno hayo walianguka mara moja zamani, walikuwa wameshika breki ya mbele wakati huo, na tangu hapo wamekuwa wakiishutumu breki badala ya namna walivyoishika. Kuna wazoefu wengine wanaojigamba kwamba walipoona hatari waliilaza pikipiki chini kwa makusudi ili wajiokoe, wakasahau kwamba mpira wa tairi huing'ang'ania lami kuliko chuma kinachoserereka juu yake, na kwamba ukishaanguka huna tena breki ya kushika. Mafundisho ya aina hii hurithishwa kwa nia njema kabisa, na huo ndio ubaya wake, kwani mwanafunzi humpima mwalimu kwa wema wake akasahau kulipima neno lenyewe.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi sina ugomvi nao, ila kuona ni jambo moja na kueleza ulichokiona ni jambo jingine. Wilbur Wright, ambaye kabla ya kurusha ndege pamoja na ndugu yake walikuwa na duka la baiskeli, aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wengi hufanyaje ili kukata kushoto. Karibu wote walimjibu kwamba huzungusha usukani kushoto. Ukweli ni kwamba chombo cha magurudumu mawili kikiwa kwenye mwendo hakiendi hivyo: usukani hupelekwa kwanza kulia kidogo, chombo kikainamia kushoto, kisha kikakata. Kwenye pikipiki maana yake ni kwamba ukitaka kwenda kushoto unausukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, na ukitaka kulia unausukuma ule wa kulia. Watu wale walikuwa wakilifanya jambo hilo kila siku kwa ufasaha, na hawakujua kwamba wanalifanya.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Mzoefu anaweza kuwa na ujuzi wote mwilini mwake asiwe na hata chembe yake mdomoni. Mimi mwenyewe niliwahi kumfundisha mpwa wangu kuondoka kwa klachi, ule mkono unaotenganisha na kuunganisha injini na gurudumu, nikamwambia "achia taratibu" mpaka maneno hayo yakapoteza maana, na kila mara pikipiki iliruka kama chura ikazimika. Nilikasirika, naye akaaibika. Jioni ile nilipanda mwenyewe, nikafumba macho, nikaachia klachi unywele kwa unywele, nikagundua kwamba mimi huwa siachii taratibu hata kidogo. Naachia upesi mpaka pale injini inaposhusha sauti, hapo nasimamisha vidole kabisa, nangoja pikipiki ianze kuvuta, ndipo naachia kilichobaki. Kesho yake nilimwambia, "Sikiliza injini. Ikishusha sauti, vidole visimame hapo hapo." Aliondoka mara ya kwanza. Nilikuwa nimeendesha kwa miaka mingi kabla ya kujua vidole vyangu hufanya nini.

Kwa hiyo mtu unayemtafuta ni yule anayeweza kukueleza afanyalo, au ambaye, akishindwa, yuko tayari kushuka, kulitazama upya, na kurudi na jibu. Mjaribu kwa swali moja dogo: muulize jinsi anavyoingia kwenye kona asiyoijua. Akikwambia "utazoea tu", umepata rafiki wa safari, mshukuru. Akikwambia kwamba hupunguza mwendo wakati pikipiki ingali imesimama wima, hukaa upande unaomwezesha kuona mbali zaidi, hugeuza kichwa kutazama pale kona inapoishia na si pale anapoogopa kugonga, kisha hufungua mafuta polepole anapoona njia ya kutokea, basi huyo mng'ang'anie. Na jaribio la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko la kwanza, ni kumwambia "hapana" katika jambo dogo, kwa mfano kwamba leo hutaki kupita barabara kuu, ukaona hufanya nini. Anayefundisha hubadilisha njia. Anayetaka watazamaji hukubeza.

Usidhani kwamba nakuza mambo. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza katika eneo la Los Angeles. Walikuta kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliohusika katika ajali hizo walikuwa wamejifunza wenyewe au kufundishwa na jamaa na marafiki. Walikuta pia kwamba katika ajali ya kawaida mwendeshaji alikuwa na muda usiofikia sekunde 2 wa kufanya chochote cha kujiokoa, na kwamba katika muda huo wengi walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi hata tairi likaburuta, wakaishika ile ya mbele pungufu, huku ustadi wa kusukuma usukani ili kukwepa ukiwa karibu haupo kabisa. Ripoti hiyo ni ya zamani na pikipiki zimebadilika, nyingi sasa zina mfumo unaozuia tairi lisijifunge, lakini vidole vya binadamu havijabadilika. Katika sekunde hizo 2, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, unakuwa umekwenda zaidi ya mita 33. Hakuna nafasi humo ya kidole kuuliza kimtii nani.

Kuhusu kona iliyokutisha, uliloliona ndilo lenyewe: pikipiki hufuata macho. Lakini kosa la macho lilikuwa la pili. La kwanza lilitendeka dakika kadhaa nyuma, ulipoanza kuendesha kwa mwendo wa mtu mwingine. Katika safari ya wawili, anayejifunza ndiye mwenye haki ya kupanga mwendo, na mlezi anayetangulia hutazama kioo cha pembeni mara nyingi kama anavyotazama mbele, akipunguza kila anapoona taa ya mwenzake inasinyaa. Katika kundi, mgeni huwekwa nyuma tu ya kiongozi, hawekwi mkiani, kwa sababu anayekuwa mkiani hulazimika kukimbia kuliko wote ili kuziba mianya inayoachwa na walio mbele. Vituo vya kukutania hupangwa kabla ya kuwasha injini, ili asiwepo anayekimbia kwa hofu ya kupotea. Mlezi mzuri pia hukaa nyuma yako baadhi ya safari, kwani kutoka mbele anaweza kukuonyesha njia lakini hawezi kuona kichwa chako kimeelekea wapi. Nyote mkishasimama na kuvua kofia, atakuuliza "uliangalia wapi pale?" kabla ya kukwambia ulikosea wapi, na atachagua jambo moja la kurekebisha, mengine akayaweka akiba. Kicheko alichokupa huyo kaka hakikuwa na ubaya, ila kilikunyima swali hilo, na swali hilo ndilo lingekufaa.

Watu wa namna hiyo hupatikana wapi? Rudi kwanza kwa waliokufundisha, ukaombe mafunzo ya ngazi ya pili, kwa sababu wakufunzi wengi huwajua wanafunzi wao wa zamani waliotulia barabarani na wanaweza kukukutanisha nao. Ukiingia kwenye kundi la waendeshaji, usimtafute anayesifiwa kwa kasi. Mtafute yule ambaye wengine husema naye ni raha kusafiri, na ambaye hadithi zake za ajali zina sentensi inayoanza na "nilikosea". Tazama vifaa vyake: glavu na viatu vilivyochakaa kwa kuvaliwa hata siku ya joto vina mengi ya kusema. Tazama pia kama hunywa kabla ya kupanda. Hilo likiwapo, usiendelee kutazama mengine. Wala si lazima awe mtu mmoja. Unaweza kuwa na wa kona, na mwingine wa spana.

Na hapa ndipo huyo kaka yako anapobaki na heshima yake yote, maana kwa spana ni mwalimu mwema kweli. Neno lake kuhusu kofia lilikuwa sahihi. Fadhila ya punda ni mateke kwa mtu anayesahau wema aliotendewa, nawe hujasahau, umeuandika kabla ya malalamiko yako. Wema huo utaulipa kwa namna nyingine, lakini haustahili kulipwa kwa mfupa wako. Mwendee mkiwa wawili, mbali na wenzake, tena si siku ya safari, umwambie hivi au kwa maneno yako: "Kaka, yote uliyonifanyia nayathamini, na ningependa tuendelee kushughulikia pikipiki pamoja. Lakini kona ile ilinitisha kweli, na mwendo wangu kwa sasa ni mdogo kuliko wako. Tukitoka pamoja, nitakwenda kwa mwendo wangu, nawe unisubiri pale tutakapokubaliana. Na breki nitatumia zote mbili kama nilivyofundishwa." Usimwombe ruhusa, na usimfundishe fizikia ya breki. Akikubali, umempata mlezi ambaye hukujua unaye. Akinuna, safari za pamoja zimekwisha, na salamu za kazini ziendelee kama kawaida.

Pikipiki kubwa usiichukue sasa. Uchunguzi ule ule wa 1981 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waendeshaji walioanguka walikuwa na uzoefu usiofikia miezi 5 kwa pikipiki ile ile waliyoanguka nayo, ingawa kwa jumla walikuwa wameendesha kwa karibu miaka 3. Maana yake ni kwamba kila ukibadilisha chombo unarudi kuwa limbukeni kwa muda. Hujamaliza ulimbukeni wa hii, usiongeze mwingine juu yake.

Mdogo wako mpeleke shule. Sisemi hivyo kwa kukudharau. Nasema hivyo kwa sababu mtu wa miezi minne bado anatumia akili yake yote kujilinda, hana ya ziada ya kumlinda mwingine, na pia kwa sababu ndugu hawavumiliani kwenye klachi. Una vitu viwili, hata hivyo, ambavyo mzoefu wa miaka 20 amekwisha kuvipoteza: unakumbuka hofu ilivyo, na unakumbuka lipi lilikuwa gumu. Kwa hiyo uwe naye pembeni ya shule. Injini ikiwa imezimwa, mwache aisukume pikipiki, aigeuze, aisimamishe kwa stendi na kuishusha, mpaka auzoee uzito wake na ajue inapoanza kumshinda. Usimpakie nyuma yako kwa sasa, maana abiria hubadilisha namna pikipiki inavyoshika breki na inavyokata kona, nawe bado unajifunza hayo ukiwa peke yako.

Wewe mwenyewe una kazi ya kufanya kabla ya kumwona tena huyo kaka. Tafuta uwanja mkavu, mpana, usio na watu wala mchanga, upime upepo wa matairi, uvae vifaa vyote. Nenda kwa kilomita 20 kwa saa ukiwa umenyooka, uachie mkono wa mafuta, ukanyage breki ya nyuma kwa wepesi na kuikamua ya mbele kwa vidole viwili, macho yakitazama mbali badala ya kutazama tairi. Rudia mara kumi. Vidole visiposita hata mara moja katika hizo kumi, panda hadi kilomita 30, kisha 40, na uache siku hiyo ukiwa bado una nguvu, si ukiwa umechoka. Ukihisi tairi la mbele limejifunga, achia mara moja, uanze upya. Mdogo wako anaweza kuja kusimama pembeni akuhesabie, na funguo zibaki mfukoni mwako.